Siku yako kubwa ikikukuta kazini melini

Mkataba wangu wa kwanza kwenye meli ya kitalii, siku yangu ya kuzaliwa ilipita bila hata chai. Keki nilishaiagiza na watu wanane nilishawaalika, ila sikuangalia kwamba tarehe ile ndiyo meli ilikuwa inashusha abiria na kupokea wapya. Waalikwa wangu sita walishinda wakikokota masanduku na kutandika vitanda, na mimi mwenyewe nililala na viatu. Tangu hapo, kila mfanyakazi mgeni anayepanda meli namwambia aache kuihangaikia tarehe, atafute saa.

Saa hiyo utaipata kwenye ratiba za zamu. Chini ya mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ule unaoitwa MLC, kipimo kinachotumika kwenye meli nyingi ni saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mapumziko ya siku hayagawanywi zaidi ya vipande viwili, na kimoja kati yake hakipungui saa 6. Sherehe isile hizo saa 6 za usingizi, zako wala za wenzako, maana kesho yake kuna kazi na huenda kukawa na zoezi la dharura. Kasino na maduka ya melini hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa hiyo wenzako wa huko wana nafasi wakati ambao wahudumu wa mgahawa wanahangaika na chakula cha mchana. Wote mnakutana usiku, baada ya meza za mwisho kusafishwa, kama saa 5 hivi. Saa moja na nusu ya hapo inatosha kabisa.

Ukihitaji kubadilishana zamu, pitia kwa msimamizi wako mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana. Msimalizane kimyakimya wawili. Saa za kazi zinarekodiwa, na kila mtu ana nafasi yake kwenye orodha ya dharura.

Sherehe ifanyie mesi, yaani ukumbi wa chakula wa wafanyakazi, au kwenye baa yao. Kebini haifai, na kisa kikubwa ni moto. Baharini hakuna zimamoto wa kuja kukuokoa. Zimamoto ni ninyi wenyewe. Mshumaa hauwashwi hata ule mdogo wa keki. Taa za mapambo za kuchomeka ukutani na nyaya za kuongezea umeme nazo nyingi zimepigwa marufuku. Nunua mishumaa ya betri uwe nayo kwenye sanduku, haina uzito. Maputo uliza kwanza, na usiyapeleke sitaha ya nje: kutupa plastiki baharini kumekatazwa kabisa na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, na puto likichukuliwa na upepo limeshatupwa.

Keki mwombe mpishi wa keki siku kadhaa kabla, kupitia kwa msimamizi wako, na umwombe kwa adabu, kwa sababu yule mtu ameamka kuoka wakati wewe ulikuwa hujageuka ubavu wa pili. Meli kadhaa hufanya sherehe moja kwa mwezi kwa wote waliozaliwa mwezi huo. Uliza ofisi ya wafanyakazi, huenda ya kwako imeshapangwa. Chakula cha abiria usikiguse hata kama kinaelekea kumwagwa. Nimeona watu wazuri wakirudishwa nyumbani kwa sahani moja.

Kuhusu pombe nitasema wazi. Kanuni za kimataifa za mafunzo na zamu za mabaharia, ziitwazo STCW, zimeweka ukomo wa asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu kwa baharia aliye kwenye majukumu ya usalama, na kampuni yako inaweza kuwa kali kuliko hapo. King'ora kikilia usiku, aliyezaliwa leo naye anakimbilia kituo chake.

Sasa simu ya nyumbani, ambayo kwangu ndiyo sherehe yenyewe. Meli ikiwa upande wa mashariki wa Karibiani, Afrika Mashariki imetangulia kwa saa 7. Ukitoka zamu saa 5 usiku, nyumbani ni saa 12 asubuhi, watoto wanajiandaa kwenda shule. Dakika hizo kumi kabla hawajatoka ni za thamani, lakini mtandao nao huwa mzito, kwani mamia ya wafanyakazi wametoka kazini pamoja na wewe. Rekodi video yako mkiwa bandarini, siku mbili tatu kabla, uitume na umwombe mtu aifungue siku yenyewe. Anayeadhimishwa akiwa mwanao, mtaje kwa jina na umwambie jambo ambalo wewe peke yako unalijua juu yake. Video ya salamu za jumla mtoto huitazama mara moja. Hiyo nyingine atairudia mpaka uliyemwachia simu achoke.

Fuatilia pia saa za meli. Zinasogezwa mbele au nyuma njiani, na meli ikivuka mstari wa tarehe wa Pasifiki kuelekea magharibi, siku nzima inarukwa. Siku hiyo ikiwa yako, watangazie watu mapema mtaifanya lini.

Kwa Idd, mwambie msimamizi siku zote mbili zinazowezekana, kwa kuwa mwezi hauandami kwa ratiba ya meli. Krismasi na mkesha wa mwaka mpya ni kazi tupu. Yenu panga kabla au baada.

Mkitaka kusherehekea nchi kavu, hakikisha hamjapangwa kubaki melini, maana hata bandarini lazima sehemu ya wafanyakazi ibaki kwa ajili ya dharura. Fuateni saa za meli, si za mji, na mjue saa ya wafanyakazi kurudi hutangulia ya abiria. Bandari nyingi zina vituo vya mabaharia, vikiwemo vya mashirika mawili ya Kikristo, Mission to Seafarers, lililoanza 1856, na Stella Maris, lililoanza 1920. Utapata kiti, intaneti na mtu wa kuzungumza naye, dini yako iwe yoyote.

Mkimaliza, rudisheni viti na mfute meza. Kateni kipande cha yule wa zamu ya usiku, kiandikwe jina, kikae kwenye jokofu la mesi. Mlipokuwa mnaimba, yeye alikuwa kazini.