Tangi la samaki lenye mimea kwenye chumba chenye mwanga hafifu

Mpwa wangu amepanga chumba na sebule huko Tabata, Dar es Salaam. Sebule ina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Alitaka tangi la samaki lenye mimea hai, ila akaona aibu kuniuliza kwa sababu ya lile giza. Nikamwambia umepata chumba chenyewe hasa, maana jua ndilo linalogeuza matangi ya watu kuwa supu ya kijani. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

1. Tangi

Fundi vioo alitukatia kioo cha milimita 6, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Kwa hesabu ni lita 54, ila ukitoa unene wa kioo hupati hata 50. Silikoni nunua mwenyewe: ile ya kawaida inayonuka siki. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu usiikubali hata fundi akikuapia, dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Acha ikauke wiki nzima. Likishajaa, tangi hufika karibu kilo 70, kwa hiyo meza iwe ya seremala, si ile stendi ya TV ya mbao za maranda.

2. Mchanga

Mchanga wa mto, ule wa ujenzi. Chekecha, osha mpaka maji yatoke meupe, tandaza sentimita 4 au 5. Wa ufukweni uache hukohuko, umejaa vipande vya makombe na matumbawe, nao hupandisha ugumu wa maji (chokaa iliyoyeyuka) na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kama una shaka, dondoshea siki kwenye kiganja cha mchanga mkavu. Ukitoa povu, rudisha ulikoutoa.

3. Mimea

Minne tu: anubiasi, kangaga la Java, kripto na seratofilamu. Hakuna mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ya kulisha mimea hapa, na atakayekuuzia kwa tangi la mwanga mdogo anakuibia. Mbolea ya shambani, urea au DAP, usithubutu. Itageuka amonia na kuua kila kitu.

Anubiasi, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, ina shina nene linalolala kama tangawizi. Shina hilo na la kangaga yasifukiwe mchangani, yataoza. Sisi tulichukua vifuu viwili vya nazi, tukavikwangua, tukavichemsha mara tatu mpaka maji yakaacha kuwa kama chai ya rangi, tukabandika mimea juu kwa tone la supaglu nzito. Uzi nao unafaa, ila mimi uzi umenichosha. Kripto zifukie mizizi. Majani yake huenda yakayeyuka wiki za kwanza. Usizing'oe, zitachipua. Seratofilamu, ambayo hata Ziwa Victoria imo, iache ielee.

4. Taa

Taa ya LED ya wati 8, mwanga mweupe wa kelvini 6500, saa 6 kwa siku. Taima ya kuiwasha na kuizima yenyewe ni lazima. Usiseme utakuwa unazima mwenyewe.

5. Kuivisha maji

Hapa usinikimbie, maana mimi niliwahi kupoteza wiki tatu.

Samaki anatoa amonia, zaidi kupitia matamvua, na amonia inamuua. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo inaua. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina neno na mimea huila. Kuivisha maji ni kuwafuga bakteria hao kabla samaki hawajaingia, nao hukaa zaidi kwenye chujio. Natumia chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, halina kelele za maana, na likiziba unalikamua tu.

Kwanza maji. Ya bomba yana klorini, inayoua hao bakteria unaowafuga. Ndoo ikikaa wazi siku nzima, tena na pampu ya hewa ndani, klorini ya kawaida hutoka. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa njia hiyo, kwa hiyo mimi huweka dawa ya kuondoa klorini kila mara, sibahatishi. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, achana nayo.

Kisha walishe bakteria. Tuliweka kipande cha kamba, yule wa baharini anayeliwa, saizi ya ukucha wa kidole gumba, ndani ya soksi nyepesi, ili akioza atoe amonia. Mpwa wangu alilalamika harufu siku nne, halafu akazoea. Chupa za bakteria zilizokaa dukani kwenye joto siziamini. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani, mwombe akukamulie sponji yake chafu humo. Hiyo inaokoa wiki kadhaa.

Pima kwa dawa za matone, si vile vikaratasi. Amonia itapanda kwanza, kisha nitriti. Nitriti ndiyo inayokaa muda mrefu, utadhani imekwama.

Sasa kosa langu. Kwenye kipimo changu cha nitrati, chupa ya pili ina unga unaotulia chini. Nilikuwa naitikisa kidogo tu kama dawa ya mafua, na kila siku nasoma sifuri. Nikaamua bakteria wamekufa. Nikamwaga tangi lote, nikaosha sponji kwenye bomba, na hapo ndipo nilipowaua kweli. Igonge hiyo chupa mezani, itikise nusu dakika kwa nguvu, kisha kichupa chenye maji kitikise dakika nzima.

Tena, kwenye tangi lenye mimea nitrati inaweza kubaki chini hata ukipima vizuri, kwa sababu mimea inaila, na amonia yenyewe inaila pia. Kwa hiyo usiisubiri nitrati. Kipimo changu ni hiki: toa kamba, weka chakula cha samaki kidogo kila siku, na kama amonia na nitriti zote zinasoma sifuri siku saba mfululizo, yameiva. Kwetu ilichukua siku 33. Maji ya Dar ni ya joto, huhitaji hita.

Umeme ukikatika, sponji hukosa hewa na bakteria huanza kufa baada ya saa chache. Nunua pampu ndogo ya kuchaji kama simu. Hii si anasa.

6. Samaki

Gapi, samaki wadogo wanaozaana haraka, sita, wote madume, la sivyo baada ya miezi mitatu utakuwa unagawa samaki mtaa mzima. Mtoto wa jirani alileta perege mdogo kwenye chupa. Tulimrudisha kwa heshima, maana yule angeng'oa bustani yote.

Wiki ya tatu vioo vilipata utando wa kahawia. Futa kwa kitambaa, utaisha. Baada ya hapo kila Jumapili toa lita 10, rudisha lita 10 zilizotolewa klorini, sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa. Hayo machafu mwagia mchicha.