Tegu wako wa kwanza: mtafute brida (mfugaji anayewazalisha) kabla hujamtafuta mjusi

Tuelewane kwanza, tegu ninayemsema sio yule mnyoo wa tumboni, ni mjusi mkubwa wa Amerika Kusini, na ukimwona harakaharaka utaapa ni kenge. Mama alivyomwona kwenye video kol alichouliza ni kimoja tu, "kenge anafanya nini sebuleni kwako?"

Kwa mlioko Marekani, anzeni na sheria ya jimbo lenu. Florida imepiga marufuku kuwafuga tangu 2021, maana walioachiwa walizaliana porini na wanafukua mayai ya wanyama wengine, halafu Alabama, Georgia na South Carolina nazo zimebana.

Aina ya kuanzia ni yule mweusi na mweupe wa Argentina. Yule wa Kolombia mwenye rangi ya dhahabu bei yake huwa chini lakini ana wenge, wengi wao hawazoei mkono kirahisi, mimi nisingemshauri mtu aanze naye. Na usidanganyike na katoto, kanatoka kwenye yai kana kichwa cha kijani kizuri hivyo hakajafika hata urefu wa rula, ila akikua ni mita moja na zaidi, anaishi miaka 15 hadi 20, na anataka banda la kama mita 2.4 kwa 1.2 lenye udongo wa kuchimba, taa ya UVB (inayotoa mionzi kama ya jua), na sehemu ya kuota joto ambayo juu yake inafika nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. Huna nafasi hiyo, acha kwanza.

Sasa brida. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na mimi wa kwanza nilimnunua kwa jamaa mmoja kwenye maonyesho ya reptilia, nikaona bei poa nikatoa hela bila kuuliza kitu, nafika nyumbani namwangalia vizuri vidole viwili vimezungukwa na ngozi ya zamani iliyokauka kama uzi, damu haipiti, kimoja kikadondoka wiki ileile. Kwa hiyo siku hizi naanzia kwenye vidole na ncha ya mkia, halafu macho yawe wazi, ulimi uwe unatokatoka, na miguu isitetemeke akitembea, maana kutetemeka mara nyingi ni kukosa kalsiamu.

Brida wa kweli muombe picha za baba na mama wa huyo mjusi, muulize alianguliwa lini (huko Marekani kawaida ni majira ya joto, ukiuziwa "kachanga" mwezi wa pili jiulize), anakula nini sasa hivi, na umwombe video akiwa anakula. Mwenye mali safi hatachukia, tena atakuuliza na wewe banda lako likoje. Anayekwambia lipa fasta kuna mtu anamtaka, muache huyo mtu amchukue.

Akishafika usimshikeshike wiki ya kwanza. Chukua fulana uliyoivaa, usiifue, itupie bandani alalie, azoee harufu yako. Wangu aliikimbia siku mbili, ya tatu nikamkuta kajifukia ndani yake mkia tu ndo uko nje.