Kabla ya kugusa PID, pima mtambo wako

Ukipewa kidhibiti cha PID (kifaa kinachorekebisha hita chenyewe ili joto la tangi libaki unapolitaka) usianze kubahatisha namba zake za mipangilio. Kiweke kwenye hali ya mkono, yaani wewe ndiye unayepanga nguvu ya hita, subiri joto la tangi litulie, kisha pandisha hita ghafla kutoka asilimia 40 hadi 50. Andika joto kila sekunde 10, na usiguse kitu (hapa ndipo wengi tunashindwa). Tuseme lilikuwa nyuzi 52, likaja kutulia 62. Kila asilimia moja ya hita imeleta nyuzi moja. Muda ambao joto lilikaa bila kusogea baada ya kupandisha hita ni ucheleweshaji. Muda kuanzia hapo hadi joto lifike 58.3, yaani asilimia 63 ya badiliko, ndiyo konstanti ya muda. Namba hizo tatu zinatosha kuanzia kanuni za Ziegler na Nichols za 1942 za kukokotoa mipangilio ya PID, ingawa mimi gaini yao (ukali wa kidhibiti kujibu kosa la joto) huigawa nusu; ni kali mno.