Somo: Kuomba ruzuku ya nyumba za gharama nafuu kijijini

Maandiko mengi ya ruzuku za nyumba hukwama kwa sababu yanaomba nyumba nzima. Asasi inaandika "tunaomba kujenga nyumba 50 za kisasa", inaweka bei ya kila nyumba, na mfadhili anabaki kujiuliza wanakijiji wako wapi katika hesabu hiyo. Kijijini watu wanajenga kila kiangazi bila mfadhili yeyote. Wanafyatua tofali, wanasomba mawe, wanasaidiana kupandisha kuta. Wanapokwama ni kwenye saruji ya msingi, bati, mbao zilizowekwa dawa na fundi anayeijua kazi. Ombeni vitu hivyo. Somo hili ni kwa asasi za Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Kiwanja

Usianze kuandika kabla hujajua nyumba itasimama kwenye ardhi ya nani. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, lakini haigawi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Tafuta muhtasari wa mkutano mkuu, wenye orodha ya mahudhurio na mhuri wa mtendaji.

Kisha kaya zipate hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke waandikwe wote wawili. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa fedha za msaada kwenye kiwanja chenye jina la mume tu inaweza kumtoa mjane nje siku ya arobaini. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inazibatilisha mila zinazomnyima. Wekeni jambo hili kwenye andiko kama shughuli ya mradi yenye bajeti yake: upimaji, fomu, nauli ya kwenda wilayani.

Hatua ya 2: Nani ajengewe

Hapa ndipo mradi unapopata au kupoteza imani ya kijiji. Anzeni na orodha ya kaya maskini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kama ipo, lakini msiishie hapo, kwani kaya zilizohamia karibuni huachwa. Vigezo vipitishwe na mkutano mkuu kabla jina lolote halijatajwa. Wenye sifa wakizidi idadi ya nyumba, pigeni kura ya bahati nasibu hadharani. Mkoani Mtwara, mradi wa utafiti wa Star Homes ulijenga nyumba 110 katika vijiji 60, na familia zilipatikana kwa bahati nasibu. Aliyekosa kwa kura ya wazi hanung'uniki kama aliyekosa ofisini.

Hatua ya 3: Mchoro

Msilete ramani ya nyumba ya mjini. Kagera mvua ni nyingi, upenu lazima utoke mbele ya ukuta. Dodoma na Singida wazee walijenga tembe, nyumba za paa bapa la udongo, kwa sababu zao, waulizeni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi una ujuzi wa tofali za kufungamana, ambazo hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hazichomwi, na hutumia udongo mdogo sana wa kuungia. Kuni zinazookolewa ni hoja nzito kwa mfadhili wa mazingira. Mkiweka wavu wa mbu madirishani na kuziba upenyo kati ya ukuta na paa, mnaweza pia kubisha hodi kwa wafadhili wa afya.

Hatua ya 4: Bajeti ya safu tatu

Kaeni nayo muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Chukueni orodha ya vifaa na kazi kutoka kwa fundi au mhandisi wa halmashauri, kisha kila mstari muupeleke kwenye safu moja: kaya, kijiji au ruzuku.

Kaya hutoa nguvu kazi, maji na udongo. Kijiji hutoa kiwanja, mawe na mchanga. Ruzuku inabeba vilivyobaki: saruji, nondo, bati, mbao, fundi msimamizi, hati na ukaguzi. Michango ya nguvu itiwe thamani ya fedha. Ikiwa kibarua kwenu hulipwa shilingi 7,000 kwa siku na kaya itafanya siku 40, mchango wake ni shilingi 280,000. Pawepo daftari la mahudhurio la kuthibitisha. Mzee asiyejiweza na mlemavu wapangiwe wasaidizi tangu mwanzo, wasije wakakosa nyumba kwa kukosa nguvu.

Utaratibu huu una mizizi hata kwingine. Marekani, katika mpango wa familia za vijijini kujengeana nyumba, Idara ya Kilimo hutoa ruzuku kwa asasi kwa ajili ya usimamizi na mafunzo. Familia hufanya angalau asilimia 65 ya kazi, na vifaa hulipiwa kwa mkopo.

Hatua ya 5: Nyaraka

Cheti cha usajili, katiba, namba ya mlipakodi (TIN), hesabu zilizokaguliwa, ripoti za mwaka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Kanuni za mashirika hayo za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Wekeni tarehe hiyo ukutani.

Hatua ya 6: Kuandika

Kurasa chache zinatosha. Takwimu za taifa ziwe sentensi moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu hata majengo, 14,348,372, lakini mfadhili anataka kujua ya kijijini kwenu. Hesabuni wenyewe: paa la nyasi ngapi, sakafu ya udongo ngapi, watu wangapi chumba kimoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Kasulu: Mwalimu, sisi ni kikundi cha vijana tuliosajiliwa halmashauri tu. Tunaweza kuomba?

Wafadhili wengi watawataka mpitie asasi iliyosajiliwa, kwa hati ya makubaliano. Lakini mna njia nyingine, ndugu zangu. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu la vijana la asilimia 4. Ombeni mashine ya tofali za kufungamana, muuzie mradi tofali. Huo ni mkopo, mtaurudisha, na mashine itabaki yenu.

Mufindi: Kaka, kuna mtu anasema ana mfadhili wa nje, anataka "ada ya usajili wa andiko" kwanza. Tutoe?

Msitoe. Mfadhili wa kweli hadai ada ili asome andiko. Ulizeni jina la shirika, mlitafute wenyewe, muwaandikie moja kwa moja.

Newala: Shikamoo Mwalimu. Mfadhili amekataa kulipa mshahara wa mratibu, anasema fedha zote ziende kwenye nyumba. Tufanyeje?

Marahaba, dada. Mwonyeshe kazi badala ya cheo. Andika "usimamizi wa ujenzi na ukaguzi wa msingi, lenta na kenchi", useme nani atafanya na kwa siku ngapi. Akikataa hata hapo, punguzeni idadi ya nyumba au msichukue fedha hizo. Msingi usiokaguliwa hupasuka mvua ya pili, na familia ndiyo itakayolala humo.