Somo: Starlet ya turbo iliyopita mikono mingi, uanzie wapi kuirudisha

Assalamu alaykum wanachama. Somo la leo ni la yule aliyenunua gari ya turbo akaambiwa "ina kazi ndogo tu". Mfano wetu ni Starlet GT, EP82, injini 4E-FTE, ya jamaa mmoja wa Jang'ombe, Unguja. Ilikuja na intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa mpya inang'ara nyuma ya bampa, na rejeta inavuja nyuma ya hiyo intakula. Mwenye Glanza V ya 1996 hadi 1999 afuate kila kitu, maana injini ni ile ile. Mwenye Forester au Mark II achukue mpangilio, namba aziache.

Rai yangu naitoa mapema ili asiyeitaka asimalize bando lake: presha ya turbo usiiongeze hata chembe mpaka gari irudi ilivyotoka kiwandani. 4E-FTE ni cc 1,331 na Toyota waliiuza Japani ikiwa na farasi 135. Kwa gari nyepesi namna ile, farasi 135 waliokamilika wanatosha kukushikisha usukani kwa mikono miwili njia ya Tunguu. Wengi wanaotaka 200 hata hao 135 hawajawahi kuwaonja.

Hatua ya 1: Macho kabla ya spana

Usiiwashe. Fungua boneti, chukua simu, piga picha kila pembe kabla hujagusa kitu, halafu tafuta alama za fundi aliyetangulia. Tafuta silikoni iliyofurika pembeni ya gasketi, tepu ya umeme iliyolegea kwa joto, bolti zisizofanana, na mipira myembamba ya hewa ambayo si ya gari.

Kwenye Starlet yetu, mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sensa ya presha ulikuwa ule wa dripu, wa hospitali, unaoonyesha ndani. Ulishageuka njano na kulainika, na kila injini ikivuta hewa unauona unajibana wenyewe. Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hewa kiasi gani imeingia. Ikipewa habari za uongo, mafuta yanamwagwa ovyo, na mwenye gari anaambiwa abadilishe nozeli za kumwagia petroli. Mpira wa silikoni wa milimita 4, unaovumilia joto, bei yake haifiki robo ya nozeli moja.

Fimbo ya westigeti, ule mlango wa kupunguzia presha ya turbo, nayo ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, ili turbo isipunguze presha. Ukikuta hivyo fungua papo hapo. Kontroli boksi ikiona presha imepita kiwango inakata mafuta, gari inashtuka kama imegonga ukuta, na mwenyewe anadhani pampu imekufa.

Hatua ya 2: Soma taa ya injini

Magari haya ni ya kabla ya mashine za kisasa za kuchomeka, lakini yana lugha yao. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake pamechorwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (kibanio cha karatasi kinafaa), fungua swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya injini inavyowaka. Ikimeta haraka haraka bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwaka mara 2, ikasita, ikawaka tena mara 2, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya presha, 34 ni presha ya turbo iliyozidi, 52 ni sensa ya kugonga, inayosikiliza petroli ikiripuka ovyo ndani ya silinda.

Ziandike, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta) kwa muda, rudisha, endesha, soma tena. Kosa lililorudi ndilo la kushughulikia. Usiuze sensa za watu kwa kosa la miaka mitano nyuma.

Hatua ya 3: Oili

Hapa ndipo turbo zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Oili huingia kwenye turbo kwa juu, kwa presha, na hushuka kurudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) kwa uzito wake tu, hakuna kinachoisukuma. Bomba la kurudishia likiwa limepindika, au gasketi yake imepakwa silikoni ikaziba nusu ya tundu, oili inajaa ndani ya turbo na kutafuta njia kwenye bomba la moshi. Gari inatoa moshi wa buluu, na fundi anasema "sili za turbo zimekwisha". Ndani ya turbo hizi hakuna sili ya mpira, mna ringi nyembamba za chuma, na hazikuumbwa kuzuia bwawa la oili.

Kwa hiyo fungua bomba la kurudishia, lisafishe, literemke moja kwa moja bila kona ya kupanda, na lipate gasketi ya kweli. Sehemu hiyo silikoni ni haramu. Kisha vua sampu. Sisi tulipoivua, kichungio cha pampu kilikuwa kimejaa vipande vyekundu vya silikoni vimejikunja kama minyoo. Injini ilikuwa inanyonya oili kupitia nusu ya wavu, na taa ya oili haikuwahi kuwaka.

Ukishafunga kila kitu, weka chujio jipya na oili mpya, chomoa fyuzi ya EFI, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000, na ukitoka mbio ndefu usizime papo kwa papo, iache sailensi (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika moja hivi ipoe.

Hatua ya 4: Maji

Ugonjwa mkubwa wa magari ya kwetu: themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, imetolewa. Gari ilichemsha siku moja, fundi akaitoa, ikaacha kuchemsha, na tangu hapo inapita kwa mwenye mpya bila kuambiwa. Themostati huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini inabaki baridi barabarani, kontroli boksi inadhani asubuhi haijesha na kuongeza mafuta. Petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinakwisha. Rudisha themostati, halafu tafuta kwa nini ilichemsha.

Jengine ni maji ya kisima. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi juu yake. Yakichemka ndani ya injini yanaacha gamba kama la birika. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyokwisha kuchanganywa, au kulanti kwa maji ya kuchujwa yanayowekwa kwenye betri.

Na mfuniko wa rejeta si kifuniko cha chupa. Ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayofanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka, umepoteza hizo zote.

Hatua ya 5: Umeme

Kila waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, ukate, uunganishe kwa risasi ya kulehemu au kiungio cha kubana, uvike mpira wa kusinyaa kwa moto. Unyevu wa chumvi unaingia ndani ya tepu na shaba inakuwa kijani.

Kisha ardhi, yaani waya hasi. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyengine kwenye chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Ikikaribia nusu volti, waya wa ardhi umeoza au umefungwa juu ya rangi. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.5 na 14.5.

Hatua ya 6: Uvujaji wa hewa

Nunua kifuniko cha bomba la plastiki kwenye duka la mafundi bomba, kinachoingia mdomo wa turbo. Kitoboe, kitie valvu ya tairi, kifunge kwa klipu. Ingiza hewa ya kompresa polepole, isizidi presha ambayo gari yenyewe hutumia, na pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Povu litakuonyesha. Mlio mdogo kwenye mfuniko wa oili usikutishe, ni valvu iliyokutwa wazi.

Starlet haina kipimo cha hewa inayoingia, inatumia sensa ya presha, kwa hiyo uvujaji hauivurugi sana kwenye mafuta. Unachofanya uvujaji ni kuitumikisha turbo kupita kiasi ili kufidia. Wenye Subaru ndio watakaoona moshi mweusi.

Hatua ya 7: Pima injini

Injini iwe moto, plagi zote nje, fyuzi ya EFI nje, geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, peda ya mafuta chini kabisa, piga stata, silinda moja moja. Silinda zisipishane zaidi ya bar 1. Iliyo chini itie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi.

Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ukiacha TE1 na E1 zimeunganishwa na injini iko moto sailensi, iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Watu huisogeza mbele kutafuta nguvu. Irudishe. Gari hizi zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa ikiwa karibu oktani 100, na huku hatuna anasa hiyo.

Plagi za turbo pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ukifika hapa weka geji ya presha, endesha, na uone kama inafika ile ya kiwandani, bar 0.4 hivi swichi ya presha ikiwa Lo (chini) na 0.65 hivi ikiwa Hi (juu). Ya zaidi tutazungumza somo jengine.

MASWALI

Kutoka Wete: Maalim, yangu inachemsha nikipanda vilima vya njia ya Chake. Fundi kanambia tufunge feni moja kwa moja isizime. Nikubali?

Usikubali. Gari ikiwa mwendoni upepo unatosha, feni ni ya foleni na kusimama. Ikichemsha kwenye kilima tu, tazama rejeta imeziba ndani au mapezi yake yameliwa na chumvi, kisha mfuniko. Pia fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, utazame. Mapovu yasiyokwisha ni gasketi ya hedi.

Kutoka Fuoni: Mimi nina Starlet ya kawaida, 4E-FE. Turbo ya jamaa ninayo. Nafunga tu?

Ndugu yangu, mgandamizo wa 4E-FE ni 9.6 kwa 1, wa 4E-FTE ni 8.2. Nozeli zako ni ndogo na kontroli boksi yako haijui presha ya turbo ni mnyama gani. Itakwenda, utafurahi, na kingo za pistoni zitapasuka. Tafuta injini nzima ya 4E-FTE na waya zake, kontroli boksi yake na giaboksi yake. Hiyo turbo ya jamaa muuzie mwenye shida.

Kutoka Bububu: Mimi si fundi, ni mama. Mwanangu anataka pesa ya turbo kubwa, anasema ndogo haina maana. Nimpe?

Shikamoo mama. Mwambie kwanza akuonyeshe themostati iko wapi na lini ilibadilishwa. Akijibu vizuri, bado usimpe ya turbo, mpe ya tairi na breki. Turbo ndogo ya kiwandani, CT9, inaamka mapema, na kwa barabara zetu za mizunguko na punda hiyo ndiyo inayofaa. Kubwa inalala mpaka kasi ambayo wewe mama hutaki aifikie.

Kutoka Mwera: Bolti za manifoldi ya moshi zimeshika kutu, mbili zimekatika. Nifanyeje na zilizobaki?

Changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, zitie, ziache zilale usiku. Kesho zipashe moto, zipoe kidogo, kisha zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo, usivute kwa hasira. Asetoni inashika moto, kwa hiyo chupa iwe mbali kabla hujawasha kitu. Zilizokatika mpelekee mtu wa kuchomelea, aongeze nati juu ya kisiki, joto lenyewe ndilo linaloachanisha.

Kutoka Chake: Nimeona turbo ya zamani inauzwa Dar. Nitaijuaje nzima kabla haijapanda boti?

Mwambie anayekuuzia akupigie video, na aifanye hivi mbele yako. Ashike shafti aisukume ndani na nje, isisikike kitu. Aisukume juu na chini, kuyumba kidogo ni kawaida maana ndani hamna oili, lakini mabawa yasiguse ukuta hata aking'ang'ania. Amulike mabawa ya upande wa hewa. Ukiona ncha zimekatika au zimepinda, ilimeza kitu. Na achungulie tundu la oili kwa juu. Pakiwa peusi pameganda kama lami, mwambie ahsante, aiweke.