Betri kubwa ya haibridi: jinsi ya kuipima, na hesabu ya kupiga kabla ya kununua nyingine

Aqua, Prius, Axio na Fielder za haibridi zimejaa Dar es Salaam, na nyingi zilishuka bandarini zikiwa na umri mkubwa tayari. Pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, mwenye gari huambiwa betri imekufa na anunue nyingine. Huenda imekufa kweli. Lakini feni iliyojaa vumbi, betri ndogo iliyochoka na vibati vya shaba vya ndani ya betri vilivyoota kutu ya kijani huleta dalili zinazofanana sana na hizo, na kurekebisha chochote kati ya hivyo ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua betri nzima. Kwa hiyo pima kwa mpangilio, ukianzia palipo rahisi.

Betri ndogo ya volti 12

Kwenye Prius iko ndani ya buti, na kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Ikichoka, taa nyingi huwaka kwa pamoja, gari linakataa kuingia READY (hali ya kuwa tayari kuondoka), na fundi asiye mwangalifu anailaumu betri kubwa.

Liache gari limezimwa saa kadhaa, kisha weka multimita. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, na chini ya 12.2 ni dhaifu. Gari likiwa READY unapaswa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ukibadilisha, nunua ile iliyozibwa yenye nafasi ya mpira wa kutolea hewa, kwa sababu hii betri iko ndani ya gari na abiria. Ya kawaida ya maji itawapumulia gesi. Ukibusti, hakikisha chanya inakaa kwenye chanya. Ukigeuza waya unaweza kuunguza fyuzi kuu na hata inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, na hiyo ni gharama nyingine kubwa.

Feni na njia ya hewa

Betri za haibridi nyingi za Toyota ni za nikeli, na adui yao mkubwa ni joto. Hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, ile ile iliyopozwa na AC. Tundu la kuvutia hewa liko pembeni mwa kiti cha nyuma kwenye Prius, na chini ya kiti cha nyuma kwenye Aqua. Hapo ndipo mambo huharibika: kava za viti zilizoshonwa mjini hufunika tundu la Aqua, mifuko ya sokoni huegemezwa kwenye tundu la Prius, na vumbi la barabara za mitaa hufanya utando mzito kwenye mapanga ya feni. Kuanzia Desemba hadi Machi, gari lililoshinda juani likaingia foleni likiwa na feni ya namna hiyo linapika betri yake.

Fungua plastiki ya tundu, safisha chujio kama lipo, toa feni na usugue mapanga kwa brashi kavu, kisha vuta vumbi kwa mashine. Usitumie maji. Kwa Dar mara moja kwa mwaka inatosha; kwa gari la biashara ya abiria fanya kila miezi sita. Msimbo wa hitilafu P0A82 ukitokea kwenye kompyuta ya gari, matatizo yako yapo hapa hapa.

Waeleze pia vijana wa kuosha magari. Wale wanaomwaga maji na povu kwenye viti na kapeti hawajui kwamba kwenye Aqua betri ya volti 144 iko chini ya kiti wanachokisugua. Maji yakifika huko, au ya mafuriko bonde la Msimbazi yakipanda sakafuni, kompyuta inaandika P0AA6, maana yake umeme mkubwa unavuja kuelekea bodi. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena. Livutwe hadi kwa fundi wa haibridi.

Kusoma misimbo na kuijaribu betri barabarani

Kifaa kidogo cha OBD2 (huchomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) chenye Bluetooth na programu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant kwenye simu vinakutosha kuanzia. Misimbo ya kuangalia ni P0A80 (kompyuta inadai betri ibadilishwe), P0A7F (betri imechakaa), na kundi la P3011 hadi P3024 kwenye Prius, linalotaja ni fungu lipi kati ya 14 limedhoofika. Fungu moja la Prius ni moduli mbili, na moduli ni kipande cha betri chenye seli kadhaa ndani.

Usiishie kwenye msimbo. Angalia volti za mafungu yote gari likiwa kazini: panda mwinuko wa Kimara au wa kuelekea Chuo Kikuu, AC ikiwa juu kabisa, abiria wako akisoma simu, kisha shuka ukifunga breki polepole. Betri yenye afya, mafungu yake hupanda na kushuka pamoja. Seli moja ya nikeli ina volti 1.2, hivyo fungu linaloachwa nyuma na wenzake kwa volti moja au zaidi lina seli iliyokufa au linakaribia. Fungu linaloonekana sawa wakati gari limesimama, halafu likazama ukikanyaga mafuta na kupaa kuliko mengine ukifunga breki, lina upinzani mkubwa: ama seli zimekauka au kiungo kina kutu.

Bila kifaa pia kuna dalili. Alama za chaji kwenye skrini hupanda hadi karibu kujaa na kuporomoka ndani ya dakika chache, feni ya nyuma huvuma hata asubuhi, na injini huwaka kila mara mkiwa mmesimama. Ukiona hayo kwenye gari la yadi, omba bei ishuke kwa kiasi cha betri nzima au ondoka. Kilomita chache zisikudanganye: betri ya nikeli huzeeka kwa miaka na joto, na gari la mwaka 2012 lina betri ya mwaka 2012 hata kama lilitembea kidogo.

Fundi anapoifungua: simama uangalie

Mwenye gari asiifungue mwenyewe. Prius ina moduli 28 zinazofanya volti 201.6, Aqua na Axio zina 20 zinazofanya 144, na Harrier ya haibridi ya kizazi cha kwanza hufikia 288. Zote zinaua. Lakini unapaswa kuujua utaratibu ili umtambue fundi wa kweli.

Kwanza funguo inawekwa mbali na gari, kisha ncha hasi ya betri ndogo inafunguliwa. Halafu anavaa glavu za mpira za daraja la 0, zinazostahimili volti 1,000, baada ya kuzikunja na kuzijaza hewa ili kuona kama zina tundu. Anavua saa na pete. Anachomoa plagi ya usalama ya rangi ya machungwa, anaitia mfukoni ili mtu mwingine asije akairudisha, na anasubiri dakika 10 ili kapasita za inveta ziishiwe umeme. Anapima kwa mita kabla ya kushika. Plagi hiyo inakata mnyororo katikati tu. Moduli za kila upande bado zina volti zake, na glavu zinabaki mkononi hadi vibati vyote vitoke. Anayeruka hatua hizi, chukua gari lako uondoke.

Sasa vibati. Ni vipande vya shaba vinavyounganisha moduli na moduli, na unyevu wa pwani huviotesha kutu ya kijani au nyeusi. Kutu hiyo peke yake yaweza kuidanganya kompyuta kuhusu volti za fungu. Vilowekwe kwenye siki, visuguliwe hadi shaba ing'ae, vikaushwe kabisa. Waya nyembamba za kupimia volti nazo zikaguliwe ncha zake, maana hukatika kwa kutu bila kuonekana.

Kisha kila moduli ipimwe peke yake. Iliyotulia kawaida husoma kati ya volti 7.5 na 8.2. Iliyoshuka kwa 1.2 hivi kuliko nyingine imepoteza seli. Lakini volti za kutulia hazitoshi: iunganishwe na balbu ya taa ya mbele ya wati 55 kwa dakika mbili, na volti za mwanzo na mwisho ziandikwe kwenye karatasi moduli kwa moduli. Zinazozama haraka zinatengwa, na zilizovimba au kuvuja vilevile, hata kama namba zake ni nzuri.

Moduli mpya ya aina hii ina uwezo wa 6.5 Ah (ampea-saa). Fundi mwenye chaja ya kupimia atazichaji na kuzimaliza mara tatu, akishuka hadi volti 6.0 kila moja. Inayotoa chini ya 4 Ah baada ya hapo haifai kurudi ndani ya gari. Zikichajiwa lazima zibanwe, la sivyo hufura. Zilizobaki zisawazishwe: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, zilale hivyo usiku kucha. Kazi hii yote inachukua siku kadhaa. Anayekurudishia gari baada ya saa mbili amebadilisha kipande na kufuta msimbo.

Wakati wa kufunga, nati za vibati hukazwa kwa 5.4 Nm tu. Mkono mzito huvunja skrubu za moduli. Moduli zinapangwa zikipishana chanya na hasi. Mpini wa plagi ya machungwa una hatua yake ya mwisho ya kujifunga. Ukisahauliwa nusu, gari linakataa READY na kuandika P0A0D, na watu wamewahi kurudi kuifungua betri nzima kwa sababu hiyo.

Kipande kimoja, betri ya mtumba, au seli mpya?

Kubadilisha moduli moja tunakushauri kwa hali mbili tu: gari unaliuza kwa mtu uliyemweleza ukweli, au unanunua muda huku ukitafuta pesa. Moduli zote zilizeeka pamoja. Iliyokufa ilitangulia tu, na zilizobaki zitafuata moja baada ya nyingine, kila mara ukilipa ufundi upya.

Piga hesabu kwa mwezi, si kwa risiti. Kwa mfano wa hesabu tu, kama kubadilisha kipande ni shilingi 400,000 na gari likatembea miezi mitano kabla ya taa kurudi, umelipa 80,000 kwa mwezi. Kama seli mpya zote ni 2,500,000 na zikadumu miaka sita, ni takribani 35,000 kwa mwezi. Weka bei halisi ulizopewa, ongeza mafuta yanayopotea betri ikiwa dhaifu na siku gari linazolala gereji, kisha linganisha.

Betri ya mtumba, iwe ya Gerezani au Shauri Moyo, ni bahati nasibu usipoipima. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo. Itiwe kwenye gari lako na upande nayo mwinuko ukiwa na kifaa cha OBD2 kabla ya kulipa fedha yote. Hamisha vibati vyako ulivyosafisha, usipokee vya kwake vyenye kutu. Dhamana iandikwe: miezi mingapi, inahusu moduli au betri nzima, na nani analipa ufundi ikirudi. Ukiagiza kutoka nje, bei ya duka si bei ya mwisho. Kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na wakala wa forodha. Uliza kabla ya kutuma pesa. Betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo wenye Note e-Power, Fit ya GP5 au Prius Alpha ya viti saba wahesabu muda mrefu wa kusubiri. Na seli hizo za lithiamu zisifufuliwe kwa mbinu za nikeli nilizotaja juu, zinawaka moto.

Wenye Nissan Leaf

Leaf ni gari la umeme tupu, na hapa hesabu ni nyingine kabisa. Betri ya Aqua ina takribani kWh 0.94, Leaf ya kwanza ina 24, yaani zaidi ya mara 25. Haina mfumo wa kupoza kwa maji wala feni, hivyo joto la Dar inalikabili peke yake. Upande wa kulia wa mita kuna alama 12 za uwezo: ya kwanza hupotea uwezo ukishuka kwa takribani asilimia 15, zinazofuata kila baada ya asilimia 6 na kidogo. Ikiwa na alama nane imebaki na theluthi mbili hivi. Leaf ya 2011 ilipimwa Marekani kwenda kilomita 117 ikiwa mpya, kwa hiyo kwenda Kibaha na kurudi kwa gari la alama nane ni kujitafutia kulala njiani.

Alama hizo zaweza kurudishwa kuwa 12 kwa kuifuta kumbukumbu ya kompyuta, na wauzaji wasio waaminifu hufanya hivyo. Tumia programu ya simu ya LeafSpy, uone SOH (asilimia ya afya ya betri), kisha endesha kilomita 30 hivi uone chaji inavyoshuka. Kuhusu bei, mwaka 2014 Nissan iliuza betri mpya ya Leaf Marekani kwa dola 5,499 huku ikichukua ya zamani. Wastani wa dunia wa betri za lithiamu mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kWh, sawa na 2,760 kwa kWh 24, lakini hiyo si bei ya kuipata imefungwa kwenye gari lako Dar.

Matunzo yanayorefusha maisha ya betri ya haibridi

Kwenye foleni usiweke N. Haibridi ya Toyota haichaji betri kubwa ikiwa N, huku AC ikiendelea kuila. Tumia P, au D ukikanyaga breki. Usiendeshe hadi mafuta yaishe, maana injini inawashwa na betri kubwa, na ukiimaliza ukitafuta kituo gari halitawaka hata ukileta dumu la petroli. Safari ndefu ukiliacha gari nyumbani, mtu aliweke READY nusu saa angalau mara moja kwa mwezi. Feni isilale chini ya mizigo, na ukiegesha juani fungua milango dakika moja kabla ya kuwasha AC.

Betri iliyotoka usiiache gereji bure. Moduli nzima zilizobaki zina soko, na wauzaji wa seli mpya hupunguza bei wakichukua ya zamani, kwa hiyo ulizia punguzo hilo kabla ya kukubaliana bei. Zilizovuja zisitupwe jalalani. Mpe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali, na ofisi za NEMC, baraza la taifa la mazingira, zitakuelekeza aliyeruhusiwa.