Namna ya Kuchunguza Iwapo Filamu za Zamani Huwagusa Wanaume na Wanawake kwa Njia Tofauti

Barazani husemwa mara nyingi kwamba wanawake hupenda filamu za mapenzi na machozi, na wanaume hupenda za ngumi na bunduki. Kauli hiyo hutolewa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajapata kumuuliza mtazamaji yeyote kwa utaratibu, na huanza kuyumba mara inapowekwa mbele ya filamu moja halisi na watu walioitazama mpaka mwisho. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kulichunguza jambo hili mwenyewe, iwe sebuleni kwake, katika ukumbi wa mtaa, katika klabu ya shule au katika kikundi cha wapenzi wa sinema. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tofauti ipo, lakini mara nyingi haimo katika kuipenda au kutoipenda filamu. Imo katika mhusika ambaye mtazamaji alikuwa upande wake, na katika tukio analoendelea kulizungumza siku ya pili. Anayeuliza tu "Umeipenda?" hawezi kuiona.

Kuchagua filamu

Uchunguzi mwingi huharibika hapa, kabla hata mtu mmoja hajaketi. Ukichagua filamu iliyotengenezwa na kutangazwa kwa ajili ya jinsia moja, utakuwa unapima tangazo lake na si mioyo ya watazamaji. Kampuni za Hollywood katika miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa na aina nzima ya filamu zilizoitwa za wanawake, ambazo waigizaji kama Bette Davis na Joan Crawford walizipatia umaarufu mkubwa, na upande wa pili zilikuwapo filamu za wachunga ng'ombe na bastola zilizotangazwa kwa wanaume na wavulana. Mwanamume anayekataa leo kuangalia mojawapo ya zile za kwanza huenda anatii mgawanyo uliopangwa na wauzaji wa tiketi kabla babu yake hajaoa. Kwa hiyo tafuta filamu ambayo tangu ilipotoka ilijaza ukumbi kwa watu wa kila aina.

Kwa watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki sijaona inayofaa kuliko Awaara ya mwaka 1951, ambayo wengi wetu huiandika Awara. Iliongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia ndiye stelingi, akiwa pamoja na Nargis, na baba yake mzazi, Prithviraj Kapoor, akaigiza kama jaji. Nyimbo zake zilivuka mipaka mpaka Uturuki na Umoja wa Kisovieti. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye amezungumza na watu wengi waliokuwa wakienda sinema Zanzibar na Tanzania Bara enzi hizo, ameeleza jinsi filamu za Kihindi zilivyowakusanya wanaume, wanawake na watoto katika ukumbi mmoja, wakati ambapo filamu nyingi za Kimarekani ziliwavuta zaidi vijana wa kiume.

Sababu ya pili ya kuichagua ni kisa chenyewe. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito, Leela, kwa sababu alitekwa na jambazi Jagga na watu wameanza kumsengenya. Mwanamke huyo anajifungulia barabarani, mvua ikinyesha. Mtoto wake, Raj, anakulia katika umaskini na kufundishwa wizi na Jagga yuleyule, kwa kisasi, kwa kuwa jaji ana imani kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwenye heshima lazima awe na heshima. Rita (Nargis), rafiki wa Raj wa utotoni, analelewa na jaji huyo, anasomea sheria, na hatimaye anasimama mahakamani kumtetea Raj. Humo mna visu, wizi na jela, mna mapenzi, mna uchungu wa mama, na mna ugomvi wa baba na mwana. Hakuna mtazamaji anayeweza kusema kwamba filamu hii haikumwekea mtu wa kumfuata.

Kuandaa maonesho

Epuka nakala iliyotiwa sauti ya mtafsiri wa kibandani, yaani wa vibanda vya kuoneshea video. Nasema hivi huku nikiiheshimu kazi ya watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, ambao wamewafungulia filamu za kigeni mamilioni ya watu wasiojua lugha zake. Lakini mtafsiri wa namna hiyo hutafsiri, husimulia, hushangilia na huhukumu kwa wakati mmoja, na karibu kila mara ni mwanamume anayezungumza na kibanda umiza kilichojaa wanaume. Sauti yake humwambia mtazamaji nani ni stelingi, kofi gani ni zuri na machozi gani yarukwe. Kwa uchunguzi huu unahitaji nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ikiwa wamo wazee wasioweza kuyasoma, wapange wasomaji wawili, mwanamume kwa maneno ya wahusika wa kiume na mwanamke kwa yale ya wahusika wa kike, na wote wawili wasome bila kuongeza neno lao.

Usitangaze kwamba ni filamu ya mapenzi wala ya majambazi. Sema tu kuwa ni filamu ya zamani ya Kihindi inayokaribia saa tatu, na kwamba kutakuwa na mapumziko.

Jambo linalofuata ndilo naliona kubwa kuliko yote, nalo husahauliwa karibu kila mahali. Filamu ikioneshwa nyumbani, nani atainuka? Anayeinuka kuangalia sufuria, kumbembeleza mtoto, kumfungulia mgeni mlango na kuleta chai kwa kawaida ni mwanamke, na mwishowe atakuwa ameona vipande, huku mumewe ameona filamu nzima kutoka kwenye kochi. Kisha wote wawili huulizwa, mwanamke hujibu kwa kifupi, na watu huhitimisha kwamba wanawake hawavutiwi na filamu ndefu au wanapenda nyimbo tu. Wimbo husikika hata jikoni. Maneno ya mahakamani hayasikiki. Basi chakula kiwe kimepikwa kabla, watoto wawe na mtu wa kuwaangalia, na chai ya mapumziko iandaliwe na wanaume. Ikishindikana, weka mtu mmoja mwenye daftari aandike nani ametoka na wakati wa tukio lipi. Bila kumbukumbu hiyo, majibu ya nyumbani hayafai kulinganishwa.

Suala la kukaa pamoja au mbalimbali nalo lina uzito. Majumba ya sinema ya pwani yalikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, na mwanamke aliyekwenda huko na dada zake na mashoga zake aliweza kulia, kucheka na kumshutumu mhusika kwa sauti bila kumwangalia mtu usoni. Ukiweza, onesha filamu mara tatu: mara moja kwa wanawake peke yao, mara moja kwa wanaume peke yao, na mara nyingine kwa kundi jipya lililochanganyika. Majibu ya mwanamke aliyeketi karibu na baba mkwe wake yatakuwa na adabu nyingi kuliko ukweli, na kijana aliyezungukwa na rafiki zake hatakiri kwamba alilia Leela alipofukuzwa.

Kuuliza

Majibu yaandikwe kabla ya mazungumzo kuanza. Mtu wa kwanza kusema, hasa akiwa na umri mkubwa, huwaelekeza wote waliobaki, na utabaki na maoni yake yaliyorudiwa kwa sauti tofauti. Gawa karatasi zenye maswali machache: Ni tukio gani limekukaa zaidi? Ulikuwa ukimfuata nani? Ni wapi ulitamani mambo yaende vingine? Nani alikosea zaidi? Usiweke swali la kupenda wala la alama kati ya kumi.

Kwa asiyependa kuandika, muulizaji awe wa jinsia yake na wa umri unaostahili, na aulize kwa lugha ya heshima iliyozoeleka. Kwa mwanamke mzee: "Shikamoo bibi. Pale jaji alipomfukuza mkewe, wewe ulikuwa unamtazama nani?" Kwa mzee wa kiume: "Mzee wangu, yule jaji ungemshauri nini?" Swali linalotaja tukio humrudisha mtu ndani ya filamu, lakini ukimwuliza swali la jumla atakujibu lile ambalo watu wa jinsia yake wanatarajiwa kulisema.

Kuna tukio moja katika Awara ambalo linastahili kuulizwa peke yake. Raj na Rita wako ufukweni, baada ya kuogelea. Rita, kwa utani, anamwita Raj mshenzi. Raj anakasirika, anampiga makofi, na Rita, badala ya kuondoka, anamwangukia. Waulize watu wote: Katika tukio hili nini kimetokea? Usiseme "kofi", subiri uone nani atalitaja. Wapo watakaosimulia mapenzi yaliyothibitishwa, wapo watakaosimulia maskini aliyechomwa na neno la tajiri, na wapo watakaosimulia mwanamke aliyepigwa. Usalama wa uchunguzi wako upo katika kutojua mapema nani atasema lipi. Nimewahi kusikia wanaume wakilikemea tukio hilo kwa ukali, na wanawake wa makamo wakilitetea, kwa maelezo kwamba Raj alikuwa akijipiga mwenyewe kwa aibu ya kuwa mwizi. Mabinti wao walikataa kabisa maelezo hayo.

Tukio la pili la kuuliza ni lile la siku ya kuzaliwa ya Rita. Raj anamletea mkufu usio na kasha, na jaji anamletea kasha lisilo na mkufu, kwa kuwa ule mkufu Raj alimwibia yeye. Rita anaelewa kila kitu kwa kuangalia tu. Uliza: Hapo ulimwonea nani huruma?

Kabla ya kusoma majibu, iangalie filamu tena ukiwa peke yako na ujiulize kamera inatumia macho ya nani. Mwaka 1975 mwandishi Mwingereza Laura Mulvey alidai kwamba filamu za Hollywood zilimweka mwanamke kama kitu cha kutazamwa na kumpa mwanamume kazi ya kutazama; baadaye akaongeza kwamba mtazamaji wa kike huazima macho hayo. Dai hilo limejadiliwa sana tangu hapo, lakini kama kipimo bado lina manufaa. Katika tukio la ufukweni kamera inamwangalia Nargis akiwa na vazi la kuogelea. Mahakamani, yeye ndiye anayeuliza maswali na jaji ndiye anayetoa jasho. Filamu ileile inampa mtazamaji wa kike nafasi mbili zinazopingana, na majibu yake yanaweza kugeuka kulingana na nafasi aliyoikumbuka.

Kusoma majibu

Yapange majibu kwanza kwa umri, kisha kwa waliowahi kuiona na wasiowahi, ndipo uyapange kwa jinsia. Mpangilio huu una sababu: nina imani, kutokana na jioni nyingi za namna hii, kwamba mwanamke wa miaka 20 na mwanamke wa miaka 65 watatofautiana zaidi kuliko mwanamke huyo wa 65 na mumewe. Wazee waliiona Awara wakiwa vijana wanaotafuta wachumba, na hawaangalii tena filamu peke yake, bali pia usiku ule waliotoka nyumbani kuiona.

Halafu fanya jaribio ambalo halipaswi kuachwa. Nakili majibu kwenye karatasi nyingine, ondoa majina na kila neno linalofichua jinsia, yachanganye, kisha mpe mtu ambaye hakuhudhuria akisie lipi limeandikwa na mwanamume na lipi na mwanamke. Akipatia takribani nusu tu, atakuwa amefanya sawa na mtu aliyerusha shilingi, na tofauti uliyodhani umeiona ilikuwa machoni pako. Akipatia mengi, muulize alitumia alama gani. Mara nyingi atataja swali moja au mawili tu, na hayo ndiyo yenye habari. Watazamaji kumi na wawili wa mtaa mmoja hawatoshi kuzungumzia wanaume na wanawake wa dunia nzima, na usikubali mtu ayatumie majibu yao hivyo.

Ikiwa kundi lako lina hamu ya kuendelea, filamu ya pili iwe Mother India ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Nargis yumo tena, safari hii kama Radha, mkulima aliyeachwa na mumewe baada ya mume huyo kupondwa mikono na jiwe, na ambaye anawalea watoto akibanwa na deni la Sukhilala. Mwishoni anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, anayemteka binti wa mkopeshaji huyo. Simamisha filamu mara tu baada ya mlio wa bunduki, washa taa, na kila mtu aandike mstari mmoja: Radha alifanya hivyo kwa ajili ya nani? Karatasi zikusanywe kabla ya mtu yeyote kuzungumza, kisha filamu iendelee hadi mwisho.